Kigasha Kikikaza Juu ya Mti: Mwongozo Kamili wa Kupanda, Kupumzika na Kuchagua Vifaa

Mtu akishuka mtini vidole havikunjuki, ushauri wa kwanza anaopewa ni aende akanyanyue vyuma. Mara nyingi dawa haiko huko. Kigasha, yaani sehemu ya mkono kati ya kiwiko na kiganja, huchoka kwa sababu kinafanya kazi ya miguu na ya hanesi, ile mikanda ya kiunoni na mapajani inayombeba mpandaji. Ukikiongezea nguvu bila kukipunguzia mzigo, utachoka vilevile, ila utachelewa kidogo.

Mwongozo huu ni wa wanaopanda miti kwa kamba na hanesi ili wapate riziki: wapogoaji, wanaoshusha miti vipande vipande, wakusanyaji mbegu, wakaguzi. Hauchukui nafasi ya mafunzo ya ana kwa ana, na unachukulia kwamba chini ya mti yupo mwenzako anayejua kupanda na kukuokoa. Kama hayupo, leo usipande.

Kwa nini kigasha kinakaza

Misuli mikubwa inayofumba vidole haiko kwenye kiganja. Iko kwenye kigasha, na kano zake hupita kwenye kifundo cha mkono hadi vidoleni. Ukishika kitu kwa nguvu bila kuachia, msuli hukaza na kuibana mishipa ya damu iliyomo ndani yake. Mshiko ukipita takriban nusu ya nguvu zako zote, damu inayopita ni kidogo sana. Oksijeni haiingii ya kutosha, taka za kazi hazitoki, na mkono unavimba na kuwaka. Ndiyo maana kushika na kuachia unaweza kuendelea nako muda mrefu, ilhali kung'ang'ania bila kuachia kunakumaliza kwa dakika chache.

Kifundo nacho kina neno. Kikunje ndani kabisa, kisha jaribu kufumba ngumi: vidole havifiki, na vikifika havina nguvu. Mshiko una nguvu zaidi kifundo kikiwa kimenyooka au kimeinuka kidogo kuelekea mgongo wa kiganja. Mpandaji anayevuta kamba huku kifundo kimepinda anatumia nguvu maradufu kupata kazi ileile.

Hatua ya kwanza: jipime karibu na ardhi

Funga kamba kwenye tawi imara, vaa hanesi kama unavyoivaa kazini, ning'inia nusu mita kutoka ardhini, nyayo zikiegemea shina. Sasa achia mikono yote miwili uiweke mapajani, na uhesabu hadi kumi. Mwili ukitulia ulivyo, hanesi inakubeba. Ukipinduka nyuma, ukateleza, au mikono ikarudi yenyewe kwenye kamba kabla ya kufika tano, basi kila siku mikono hiyo inabeba mzigo usioihusu.

Mara nyingi tatizo ni dogo. Mikanda ya mapaja imelegea, kwa hiyo mkanda wa kiuno unapanda mbavuni na unajivuta juu kwa mikono ili upumue. Au daraja, ile kamba fupi ya mbele inayounganisha pande mbili za hanesi, ni refu mno. Fundo, lile linaloishika kamba na kusogea nawe unapopanda au kushuka, linakaa mbali na unalifuata kwa mikono iliyonyooshwa juu ya kichwa. Lifupishe kwa namna mtengenezaji alivyoruhusu, kisha jipime tena. Rudia hadi uweze kukaa hapo robo saa bila kuumia.

Angalia pia unachoka wapi. Upande wa ndani wa kigasha ni mshiko: unabana kamba kuliko inavyohitajika. Upande wa nje, karibu na kiwiko, mara nyingi ni msumeno na kifundo kilichopinda. Chini ya kidole gumba ni kubinya: fundo gumu, kitufe cha karabina (pete ya chuma yenye mlango wa kufunguka), kirekebishi cha lanyadi (kamba fupi ya kujifungia kwenye shina au tawi). Kila sehemu ina dawa yake, kwa hiyo usinunue kitu kabla ya kujua.

Hatua ya pili: piga hesabu ya kupanda

Kuna njia mbili kuu. Katika ya kwanza kamba inatembea: inatoka kwenye hanesi, inapita juu ya tawi, inarudi kwenye fundo lako. Kila upande unabeba nusu ya uzito, lakini ili upande mita 1 unavuta mita 2 za kamba. Mti ukikutaka upande mita 12, utavuta mita 24. Ukivuta sentimita 40 kila mara kwa mikono mitupu, hiyo ni mivuto 60 kabla hujakata hata kijitawi. Na hiyo "nusu ya uzito" ni ya vitabuni. Kamba ikisugua kwenye gome, sehemu nzuri ya nguvu yako inaishia hapo juu.

Kwa hiyo, usipitishe kamba moja kwa moja kwenye panda ya mti kama una namna nyingine. Tumia mkanda wenye pete mbili, au ule wenye kapi, ambao unazungushwa kwenye tawi ili kamba iteleze juu ya chuma. Gome nalo linapona. Ila tahadhari: msuguano wa juu ukipungua, fundo lako linabeba zaidi na unashuka kwa kasi zaidi. Fundo lililokuwa likishika vizuri jana huenda leo likahitaji mzunguko mmoja wa ziada. Jaribu ukiwa chini.

Halafu ingiza miguu kazini. Asenda ya mguuni, kile kifaa chenye meno kinachofungwa kwenye kiatu na kuiuma kamba ukikanyaga, naiona kuwa ndiyo pesa iliyotumika vizuri zaidi katika begi la mpandaji. Inawekwa kwenye mkia wa kamba chini ya fundo. Unainua goti, unasimama, fundo linasogea. Mikono inakaa karibu na kifua, viwiko karibu na mbavu, na kazi yake ni kukuweka wima tu. Ukijiona unaivuta kamba kutoka juu ya kichwa, umerudi kwenye mivuto 60.

Katika njia ya pili kamba imesimama na wewe ndiye unayeipanda. Mita 12 ni mita 12, lakini kila hatua inainua uzito wako mzima, kwa hiyo mikono haina nafasi kabisa. Ni kazi ya asenda ya mguu mmoja, asenda ya goti la pili, na mkanda wa kifuani unaokuweka wima, unatembea kama mtu anayepanda ngazi. Kwa kuingia mti mrefu ulionyooka, nadhani hakuna inayoishinda. Kuna mambo mawili usiyasahau. Fundo la kawaida peke yake kwenye kamba moja iliyosimama hujibana wakati wa kushuka, kwa hiyo linahitaji kifaa cha kuongeza msuguano kilichotengenezwa kwa kazi hiyo. Na ukifunga kamba chini kwenye shina, tawi la juu linabeba karibu mara mbili ya uzito wako, si uzito wako tu. Chagua tawi kwa hesabu hiyo.

Kwa njia yoyote, weka kamba juu kadiri inavyowezekana, ukitumia kamba nyembamba yenye kifuko cha uzito kurusha ukiwa ardhini. Tofauti utaiona ukitembea juu ya tawi la pembeni. Kamba ikitoka juu yako, inakushika na kukurudisha. Ikiwa karibu kulala sambamba na tawi, kila hatua ya kurudi unajivuta mwenyewe. Dakika kumi za kurusha upya ili upate panda ya juu zaidi hazijapotea hata kidogo.

Na msumeno usiupandishe mgongoni wala kuuvuta kwa mkono kutoka juu. Pitisha kamba ya vifaa kwenye kapi dogo hapo ulipo, mwenzako avute akiwa chini, wewe upokee.

Hatua ya tatu: fundo

Hapa ndipo mikono mingi inapoharibika, na watu hawalishuku kwa sababu fundo halina bei kubwa. Fundo lililokaza mno unalifinya kila unapotaka kushuka kidogo au kusogea pembeni, na katika siku ya kupogoa unafanya hivyo mara mamia. Kila kufinya ni kigasha.

Fundo la Blake ni rahisi kufunga na linaaminika, lakini likibeba uzito muda mrefu hukaza na kupata joto. Prusik ya kawaida nayo huganda. Mafundo ya mizunguko kadhaa yenye miguu miwili, kama Distel au Valdôtain Tresse, huachia kwa upole zaidi, hasa ukiweka kapi dogo chini yake la kulisukuma juu unapovuta mkia wa kamba. Kapi hilo linauacha mkono mmoja bila kazi, na mkono usio na kazi unapumzika.

Likiwa gumu, rekebisha kitu kimoja kwa wakati: punguza mzunguko, au badilisha urefu wa kamba ya fundo, au unene wake. Kamba za fundo za milimita 8 hadi 10 ndizo hutumika kwenye kamba kuu ya milimita 11 hadi 13, na ziwe za nyuzi zinazostahimili joto. Ikiwa nyembamba mno hujibana, ikiwa nene mno huteleza. Baada ya kila mabadiliko, ning'inia chini, rukaruka, achia mikono, uone kama linashika mara moja. Fundo linaloshika baada ya kuteleza kidogo si laini, ni hatari.

Usijizoeze kuweka kiganja juu ya fundo kama mahali pa kupumzishia mkono. Mtu akiteleza hukamata alichokishika kwa nguvu zote, na kulikamata fundo kutoka juu ndiko kunakolifanya liteleze. Ni tabia inayoletwa na uchovu, na inaonekana zaidi mchana.

Vifaa vya chuma vinavyochukua nafasi ya fundo huachia kwa kidole na tabia yake haibadiliki sana kukiwa na unyevu. Ni vizuri. Ila kila kimoja kina unene na aina ya kamba kilichopimwa nayo. Kukiweka kwenye kamba yoyote uliyo nayo ni kucheza na maisha.

Hatua ya nne: kuchagua vifaa ukikifikiria kigasha

*Kamba.* Wengi wanataka nyembamba kwa kuwa ni nyepesi na inapita vizuri kwenye vifaa. Lakini kamba nyembamba inadai ubane zaidi ili isiteleze kiganjani. Mwenye viganja vikubwa anayefanya kazi kwa kuvuta kamba huona nafuu kwenye milimita 12 au 13. Anayepanda kwa asenda za miguu anaweza kuwa na milimita 11 na kitu bila shida. Ishike dukani, ivute ukiwa na glavu zako. Iwe kamba ya kazi za juu yenye lebo, kwa Ulaya EN 1891 aina A, na isiwe ya kunyumbuka sana ikiwa ni ya kusimama, kwani kila kunyumbuka ni hatua uliyopanda bure. Kamba ya kusokotwa ya kufungia mizigo haimo katika mazungumzo haya.

*Hanesi.* Tafuta EN 813 kwa kukalia na EN 358 kwa kujiweka kazini, au viwango vya nchi yako vinavyolingana. Usiinunue bila kuning'inia ndani yake. Hanesi pana inayokaa vizuri inapumzisha mikono kuliko glavu ya bei yoyote. Usiijaze vyuma pia. Kila kitu kinachobembea kiunoni unakiinua mita zote hizo.

*Karabina.* Zile zinazojifunga zenyewe na zinazohitaji vitendo angalau viwili tofauti ili zifunguke. Zijaribu ukiwa na glavu, na mkono ukiwa umechoka. Springi ngumu mno itakutesa gumba.

*Lanyadi.* Ndiyo kiti chako cha mapumziko, kwa hiyo kirekebishi chake lazima kifanye kazi kwa mkono mmoja hata kikiwa kimebeba uzito. Ukitumia msumeno au spaiki, yaani miiba ya chuma inayofungwa miguuni, chukua yenye waya wa chuma ndani. Waya hauzuii chensoo, yaani msumeno wa mashine, kuikata; unachelewesha tu.

*Glavu.* Nyembamba, zenye mpira kiganjani, zinazobana vidole vizuri. Glavu nene zinakuongezea mzigo.

*Spaiki za miguuni* ni za mti unaokwenda kuangushwa. Mti unaopogolewa uendelee kuishi usiutoboe. Kwa wanaozitumia, sababu kubwa ya mikono kukaza ni kukumbatia shina. Mtu hakumbatii kwa kupenda. Spaiki butu hutoka, au zimepigwa kwa pembe mbaya, na mwili unajilinda. Zinoe kwa tupa kufuata umbo lake la kiwandani, weka magoti mbali kidogo na shina, egemea nyuma hadi lanyadi ikaze, na usiirushe juu kabla miguu yote miwili haijashika. Lanyadi ikikaa usawa wa nyonga au juu kidogo, mikono inabaki na kazi ya kuisogeza tu.

Usinunue cha mitumba usichojua historia yake, kagua kila kitu kabla ya kila kupanda, na ufuate umri wa matumizi ulioandikwa na mtengenezaji.

Hatua ya tano: kukata bila kuumaliza mkono

Panga mwili kwanza, kata baadaye. Kipande kiwe kati ya kiuno na kifua, umefunga kamba kuu na lanyadi, umekaa. Kiwango cha ANSI Z133 cha Marekani kinataka njia mbili za kufungwa unapotumia chensoo mtini, isipokuwa pale ya pili inapoongeza hatari, na faida yake kwa kigasha ni kwamba hujishikilii kwa chochote: mikono yote miwili iko kwenye chensoo. Kushika tawi kwa mkono mmoja na chensoo kwa mwingine kunachosha kigasha kimoja hadi kinatetemeka, na kumekata wengi mkono wa upande wa pili.

Mnyororo mkali unatoa vipande vya mbao. Ukianza kutoa vumbi, umekuwa butu na sasa wewe ndiye unayesukuma. Msumeno wa mkono vivyo hivyo: meno yake hukata kwa kuvuta, kwa hiyo vuta kwa bega na mgongo, rudisha bila kubana. Kama unabana wakati wa kurudisha, unachoka mara mbili kwa mkato mmoja.

Mtetemo nao ni mzigo, ingawa hauonekani. Sheria za Umoja wa Ulaya zinamtaka mwajiri achukue hatua mtetemo wa mikono ukifika 2.5 m/s² kwa siku ya saa 8, na haziruhusu kupita 5. Takwimu za mashine yako zimo katika kijitabu chake. Chensoo za betri hutetema kidogo kuliko nyingi za petroli, na hakuna kuvuta kamba ya kuwashia ukiwa umening'inia.

Mkono ukikataa ukiwa juu

Dalili za mwanzo si maumivu. Ni vidole kufunguka polepole, karabina kukukosa mara mbili, kuangusha kitu kidogo. Hapohapo:

1. Funga lanyadi kwenye shina au tawi imara, kaa, hakikisha kamba kuu bado imekushika.
2. Teremsha mkono, utikise taratibu kwa sekunde 10. Uinue juu ya kichwa sekunde 10, damu irudi. Badilisha hivyo mara kadhaa.
3. Fungua na kufumba vidole bila kubana chochote. Pumua hadi tumboni. Kunywa maji.
4. Baada ya dakika chache, fungua na kufunga karabina isiyobeba uzito. Ukiweza bila kuhangaika, endelea na kazi nyepesi. Ukishindwa, shuka.

Kushuka kunahitaji mkono pia, na hapo ndipo watu hujidanganya: wanasubiri hadi nguvu ziishe kabisa ndipo waanze safari ya kurudi, wakiwa na fundo linalopata joto na vidole visivyotii. Shuka ungali na akiba. Fundo la kuzuia liwe tayari mwishoni mwa kamba.

Nje ya kazi

Mazoezi yana nafasi yake, mara 2 au 3 kwa wiki, siku ambazo hukupanda sana. Misuli inayofungua vidole ndiyo inayosahaulika: weka mpira wa kufungia noti kuzunguka vidole, ufungue polepole, seti 3 za mara 15. Shika uzito mdogo, kiganja kikitazama chini, inua kwa msaada wa mkono wa pili kisha ushushe polepole bila msaada. Kano huimarika taratibu kuliko misuli, kwa hiyo hesabu miezi, na usiongeze uzito kwa sababu tu msuli umeona rahisi. Miguu nayo ifanyie mazoezi, maana ndiyo uliyoikabidhi kazi.

Ganzi ya gumba, shahada na kidole cha kati inayokuamsha usiku. Ganzi ya kidole cha pete na cha mwisho. Vidole kuwa vyeupe kwenye baridi. Maumivu ya kiwiko yasiyoisha kwa wiki mbili: hayo ni ya kumpelekea daktari, usiyafunge bendeji na kurudi mtini. Na kigasha kikivimba kikawa kigumu, maumivu yakizidi hata ukiwa umepumzika, au mkojo ukiwa na rangi ya chai nzito baada ya kazi kubwa, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Pesa ikiwa haitoshi

Usigawanye pesa kidogo kwa kila kitu. Anza na hanesi inayokutosha, kamba yenye lebo, karabina nzuri, lanyadi na kofia ngumu. Chini ya hapo hakuna kazi. Kinachofuata kiwe asenda ya mguuni, kisha kapi dogo la chini ya fundo, kisha mkanda wa pete wa kwenye tawi. Kifaa cha chuma cha kuchukua nafasi ya fundo kije mwisho, ukishajua fundo lako lilikuwa linakusumbua nini hasa.